Tangi la Maji ya Moto: Jua Liachiwe Nafasi

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa na mtambo wa jua wa kupasha maji juu ya paa, na kwa muda wote huo gharama ya umeme ya kila mwezi ilipungua kidogo mno, hata nikaanza kuona haya kuwasimulia wageni habari za mtambo wenyewe. Jua halikuwa na kosa, kwa maana naishi mahali ambapo mawingu ya kutwa nzima ni jambo la siku chache katika mwaka. Kosa lilikuwa ukutani, kwenye swichi ya elementi ya umeme iliyomo ndani ya tangi. Fundi aliyetufungia mtambo alikuwa ametushauri tuiache ikiwa imewashwa daima, kwa sababu, alivyosema, themostati ingejua yenyewe lini iwashe na lini izime. Themostati ilijua kweli. Kila usiku, baada ya watu kuoga na maji baridi kuingia tangini, ilitambua kwamba joto limeshuka, ikawasha elementi, ikayapasha maji yote upya huku sisi tumelala. Jua lilipochomoza lilikuta tangi limejaa maji ya moto, nalo likabaki halina kazi ya kufanya.

Ndiyo maana nasema kwamba mjadala wa kubadilisha mitambo ya maji ya moto majumbani umekaa zaidi kwenye swali la chombo, yaani kipi kinunuliwe, ilhali swali zito zaidi ni la saa: tangi lipashwe wakati gani, na nani atangulie kulifikia. Anayenunua chombo kizuri bila kulijibu swali hilo hulipa mara mbili, kwanza gharama ya mtambo, kisha umeme uleule aliokuwa akiulipia zamani.

Tuanze na hesabu, kwa sababu maji hayabembelezeki. Kupandisha joto la lita 1 ya maji kwa nyuzijoto 1 kunahitaji takriban kilojuli 4.2 za nishati, iwe nishati hiyo imetoka kwenye jua, gesi, kuni au umeme. Tangi la lita 150 lenye maji ya nyuzijoto 20, likipandishwa hadi 60, hudai karibu uniti 7 za umeme, yaani kilowati-saa 7. Linganisha na balbu ya kisasa ya wati 10, ambayo ingelazimika kuwaka saa 700 ndipo itumie kiasi hicho. Watu wengi huzima taa kwa bidii kila wanapotoka chumbani, na ni jambo jema, lakini tangi moja likipashwa mara moja humeza akiba ya taa ya wiki kadhaa. Tena tangi hupoteza joto hata pasipo mtu kufungua bomba. Lisilofunikwa vizuri linaweza kupoteza uniti moja au mbili kwa siku kupitia kuta zake, kwa hiyo kulipasha usiku kwa ajili ya mtu atakayeoga jioni ya kesho ni kulipia joto ambalo sehemu yake itaishia hewani.

Tatizo hili la saa si geni. Mwaka 1891, katika mji wa Baltimore nchini Marekani, Clarence Kemp alipata hataza ya mtambo wa jua alioupa jina la Climax, ambao ulikuwa matangi yaliyopakwa rangi nyeusi na kuwekwa ndani ya sanduku lenye kioo. Maji yalipata moto mchana vizuri sana, lakini kwa kuwa tangi lenyewe ndilo lililokuwa likikusanya joto, usiku lilipoa haraka, na aliyetaka kuoga alfajiri alikuta maji ya uvuguvugu au baridi kabisa. Mwaka 1909 William Bailey, huko California, alitenganisha kazi hizo mbili: joto likusanywe na paneli yenye mabomba, maji yahifadhiwe katika tangi lililofunikwa kwa kihami joto. Mtambo wake aliuita Day and Night, yaani Mchana na Usiku, na ndani ya jina hilo yumo mteja wake na haja yake. Mitambo mingi inayouzwa leo ni wajukuu wa wazo la Bailey. Kilichobadilika ni kwamba tumeongeza elementi ya umeme ndani ya tangi, kisha tukasahau kuiwekea adabu.

Kuhusu mtambo wa jua wenyewe, uzuri wake ni kwamba ule wa aina rahisi hauna pampu wala umeme. Maji yakipata moto kwenye paneli huwa mepesi, hupanda yenyewe hadi kwenye tangi lililo juu, na yale ya baridi hushuka kuchukua nafasi yao. Sharti ni moja, kwamba sehemu ya chini ya tangi iwe juu kuliko kichwa cha paneli, na anayelivunja sharti hilo kwa sababu paa lake halikumpa nafasi atalazimika kuongeza pampu na vitambuzi vyake. Paneli inapaswa kuelekea upande wa ikweta, kwa hiyo walio kaskazini ya ikweta huielekeza kusini na walio kusini huielekeza kaskazini. Walio karibu na ikweta hawana haja ya kuhangaika sana na upande, ila wanapaswa kuiinamisha kidogo ili maji yazunguke na mvua ioshe vumbi. Kuna pia mirija ya kioo yenye ombwe, yaani iliyoondolewa hewa kati ya kuta zake, ambayo huhifadhi joto vizuri zaidi mahali penye baridi au upepo. Katika nchi ya joto sioni sababu kubwa ya kuikimbilia, maana faida yake hupungua, na familia ikisafiri wiki mbili maji yanaweza kupata moto kupita kiasi. Paneli bapa yenye kioo imara inatosha.

Chombo cha pili kinachostahili kuzungumzwa ni pampu ya joto, ambayo kwa maelezo mafupi ni friji iliyogeuzwa: friji hutoa joto ndani ya kabati na kulitupa nje, pampu ya joto hulitoa hewani na kulitia majini. Kwa kuwa haiumbi joto bali inalihamisha, uniti 1 ya umeme huweza kuleta uniti 3 hivi za joto, na hewa ikiwa vuguvugu huleta hata zaidi. Kwa hiyo kazi ya uniti 7 niliyoitaja hufanyika kwa uniti mbili na ushei. Inafaa sana kwa anayeishi ghorofani au mwenye paa lenye kivuli. Lakini nayo ina saa yake. Ikiachwa ifanye kazi alfajiri, hewa ikiwa baridi kuliko wakati wowote mwingine, inajitesa bure. Adhuhuri, kazi ileile inaifanya kwa umeme mdogo zaidi. Aidha ina kelele ya feni, na inahitaji hewa ya kutosha kuizunguka, kwa hiyo kuifungia katika kistoo kidogo ni kuifanya ipoze chumba kisha ihangaike kutafuta joto ambalo imeshalimaliza.

Hapa nakiri kwamba msimamo wangu umelegea. Zamani niliamini kwamba kuzalisha umeme juani kisha kuutumia kupasha maji ni kuzunguka mbuyu, kwa sababu paneli ya umeme hugeuza takriban asilimia 20 tu ya mwanga kuwa umeme, ilhali paneli ya maji hunasa nusu au zaidi ya joto linaloifikia. Mahali panapopata uniti 5 za jua kwa kila mita ya mraba kwa siku, mita 2 za paneli ya maji huleta uniti 5 hivi za joto, na mita 2 za paneli ya umeme huleta uniti 2 tu. Lakini uniti hizo 2 zikipelekwa kwenye pampu ya joto hurudi zikiwa karibu 6, na hesabu inageuka. Zaidi ya hayo, paneli ya umeme haina maji ya kuvuja, na tangi likishapata moto umeme wake huendesha vitu vingine, ilhali joto la ziada la paneli ya maji halina pa kwenda. Kwa mwenye paneli za umeme tayari juu ya paa, siwezi tena kumshauri aongeze mtambo wa pili wa maji. Kwa asiye nazo, na anayetaka kitu ambacho fundi bomba wa kawaida anaweza kukitengeneza, mtambo rahisi wa jua bado ndio chaguo langu.

Nisiwaonee wenye shawa za umeme zinazopasha maji papo hapo. Shawa ya kilowati 5 ikitumiwa dakika 10 hula kama uniti 0.8, na kwa kuwa haina tangi haipotezi chochote usiku. Mtu mmoja anayeoga haraka hana sababu ya kufukuzwa kwenye shawa hiyo kwa jina la kuokoa nishati. Ubaya wake huonekana familia inapokuwa kubwa, na huonekana zaidi kwenye gridi, pale kaya nyingi zinapodai kilowati 5 kwa saa ileile ya jioni ambayo jua limeshatua.

Kabla ya kununua chochote, hata hivyo, ni vyema kupima kiasi cha maji ya moto kinachohitajika kweli. Anayeoga dakika 5 kwa shawa inayotoa lita 8 kwa dakika hutumia lita 40, na kwa kuwa maji ya kuogea huwa ya nyuzijoto 40 hivi, nusu tu ya lita hizo ndiyo inayotoka kwenye tangi la nyuzijoto 60, nusu nyingine ikiwa ni ya baridi. Kichwa cha shawa cha zamani kinachomwaga lita 15 kwa dakika karibu kinamzidishia mahitaji maradufu bila kumtakatisha zaidi. Nimeona watu wakiuziwa tangi la lita 300 kwa familia ya watu wanne, wakati ambapo kubadilisha vichwa viwili vya shawa kungewatosha kwa tangi la nusu yake. Kisha kuna bomba lenyewe: bomba la milimita 15 hubeba takriban lita 0.15 kwa kila mita, kwa hiyo umbali wa mita 15 kati ya tangi na bafu humaanisha zaidi ya lita 2 za maji yaliyopoa kumwagwa kila asubuhi, na nyingine kama hizo za moto kuachwa zipoe ukutani. Kulivika bomba sponji ya kuhifadhi joto ni kazi ya siku moja, na hakuna mtambo, wa jua wala wa umeme, usiofaidika nayo.

Kuna akiba moja ambayo sikubaliani nayo, nayo ni kushusha themostati hadi nyuzijoto 45 na kuiacha hapo. Bakteria wa Legionella, waliotambuliwa baada ya mlipuko wa ugonjwa wa mapafu mjini Philadelphia mwaka 1976, hustawi katika maji yaliyotuama ya kati ya nyuzijoto 20 na 45, na maji ya nyuzijoto 60 huwaua. Tangi lihifadhiwe kwenye 60, na kwa sababu maji ya joto hilo yanaweza kumuunguza mtu kwa sekunde chache, hasa mtoto au mzee, vali ya kuchanganya maji ifungwe kwenye njia ya kutokea ili bombani yafike yakiwa salama. Vali hiyo ni kitu cha kwanza kuondolewa pale mteja anapoomba apunguziwe bei. Ningeomba kiwe cha mwisho.

Matunzo nayo husahaulika. Ndani ya matangi mengi ya chuma mna ufito wa magnesi, ambao kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi. Ukiisha bila kubadilishwa, kutu hugeukia tangi. Mahali penye maji magumu, ganda la chokaa hujijenga juu ya elementi na ndani ya mabomba membamba ya paneli, na mtambo ulioanza vizuri hudhoofika taratibu hata mwenyewe asitambue.

Serikali zimejaribu kusukuma mabadiliko haya kwa sheria. Israeli iliweka sharti la mitambo ya jua katika nyumba mpya za makazi mwaka 1980, na leo matangi juu ya mapaa ni sehemu ya sura ya miji yake. Kupro nayo imeenea mitambo hiyo kwa kiwango ambacho nchi chache zimekifikia. Naunga mkono sheria za aina hiyo, hasa kwa sababu ya wapangaji, ambao hulipa umeme wa tangi wasilolichagua huku mwenye nyumba akiwa hana sababu ya kulibadilisha. Lakini sheria inayohesabu paneli juu ya paa bila kuuliza habari ya swichi iliyo ukutani ingenihesabu hata mimi, kwa ile miaka miwili, kuwa miongoni mwa waliofaulu.

Swichi yangu sasa ina kipima saa. Elementi hairuhusiwi kuwaka kabla ya saa kumi jioni, jua likiwa limeshamaliza kazi yake, na huwaka tu ikiwa maji hayajafikia joto linalotakiwa. Siku nyingi haiwaki kabisa. Siku ya mawingu, elementi hiyo ya kilowati 2 hufanya kazi saa moja na nusu na kupandisha joto la tangi kwa nyuzijoto 17 hivi, ambazo zikiongezwa juu ya kile kidogo kilicholetwa na jua huwatosha watu kuoga. Mawingu yakidumu siku ya pili tunaiongezea muda hadi maji yafike 60, nayo huzimika kabla hatujalala.