Wakili, Ni Muhuri Tu

Ijumaa iliyopita, saa kumi na moja kasorobo, mvua inanyesha Nairobi na Waiyaki Way imeshaziba, mwenzangu wa mauzo akanitumia mkataba wa kurasa 47 kwa WhatsApp. "Wakili, pitia chapchap, mteja anasaini Jumatatu. Ni muhuri tu." Nikamuuliza mazungumzo yalianza lini. Eti Februari! Tangu Februari mmekula nyama choma na mteja, mmeelewana bei, mmemwahidi fidia isiyo na kikomo (ukurasa wa 31, nimeiona), halafu mchelewaji ni mimi.

Jumatatu mkutanoni tukaambiwa idara ya sheria inavuta miguu, dawa ni programu mpya. Sawa, programu ina faida yake. Itatukumbusha mkataba wa pango unaokaribia kuisha. Lakini kazi inatuingilia kwa WhatsApp, kwa baruapepe, kwenye lifti, hata nikijimiminia chai. Programu itahesabu vipi kilichosemwa kwenye lifti?

Tunachohitaji ni mlango mmoja. Fomu fupi: nani anaomba, pesa ngapi, tarehe gani na kwa nini tarehe hiyo. Ambacho hakikupita hapo hakipo, hata kama kimetoka kwa mkurugenzi. Najua mtasema huo ni urasimu. Basi niwape kisa. Mwaka juzi afisa wa wafanyakazi aliniuliza, kwa WhatsApp, kama dereva fulani anaweza kufutwa papo hapo. Swali lile lilizama chini ya "chapchap" sitini za watu wengine. Nilipolifikia, dereva alishafutwa bila kusikizwa, na kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka asikizwe kwanza. Tukaenda mahakamani Milimani, tukalipa. Nilikuwa na makosa, ndiyo. Lakini swali hilo nani angeweza kuliona humo?

Dharura za kweli zipo. Data za wateja zikivuja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatupa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Hiyo nitaamka usiku wa manane. Mkataba wa usiri, ule ule ninaousoma kila wiki, jazeni wenyewe kwenye kielelezo nilichowaandalia. Na sahihi za kielektroniki zimekubalika kwenye mikataba ya kawaida kama hii. Acheni kunipandishia makaratasi ghorofa ya saba.

Zile kurasa 47 nilizisoma wikendi, nikamrudishia mwenzangu na maswali 19. Leo ni Alhamisi. Hajajibu hata moja.