Majina ya Kiswahili, Kwaya ya Kizulu: Mabishano ya Mashabiki juu ya Muziki wa The Lion King

Katika filamu ya katuni ya The Lion King, iliyotoka Juni 1994, sauti huitangulia hadithi. Jua linachomoza na mwanamume mmoja anapaza sauti kama anayeamsha kijiji kizima: "Nants' ingonyama bagithi Baba." Mwimbaji huyo ni Lebo M, mzaliwa wa Soweto, na maneno yake ni ya Kizulu, yakiwa na maana kwamba huyo simba anakuja, baba. Kwaya inamwitikia, wanyama wanamiminika kuelekea mwambani, kisha wimbo unakatika kwa pigo moja zito la ngoma pale jina la filamu linapotokea gizani. Ni dakika chache tu, lakini zimewagawa mashabiki wa Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 30, na mgawanyiko huo unastahili kuchambuliwa kwa makini kuliko unavyochambuliwa kwa kawaida.

Wanaolalamika wana hoja inayoeleweka upesi. Simba, Rafiki, Shenzi, Pumbaa na Sarabi ni maneno ya Kiswahili yasiyohitaji mkalimani. Watengenezaji wa filamu walisafiri hadi Kenya kabla ya kuchora, na miamba ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, imeacha alama katika mandhari yake. Iweje basi, wanauliza, nchi yenye sura ya kwetu na wakazi wenye majina ya kwetu iimbiwe kwa lugha ya watu walio maelfu ya kilomita kusini? Kwao hilo ni dalili ya mazoea ya zamani ya Hollywood ya kuichukulia Afrika kama kijiji kimoja, ambamo lugha yoyote hufaa popote.

Wanaoutetea muziki huo hujibu kwamba ufalme wa Mufasa, simba mfalme na baba yake Simba, haumo katika ramani yoyote, na kwamba muziki hupimwa kwa kazi unayoifanya moyoni. Hoja hii ingekuwa kisingizio kama kazi yenyewe ingekuwa dhaifu, lakini si dhaifu. Mtunzi mkuu, Hans Zimmer wa Ujerumani, alifiwa na baba yake akiwa mtoto wa miaka 6, na ameeleza hadharani kuwa muziki wa kifo cha Mufasa aliuandika kama maombolezo ya baba huyo. Msikilizaji asiyeijua habari hiyo huihisi tu. Kishindo cha nyumbu kinapopita bondeni, muziki haukimbilii kuliza watu, bali unashuka taratibu hadi pale mtoto anapojaribu kumwamsha baba yake. Muziki huo ulipata tuzo ya Oscar mwaka 1995, na sioni sababu ya kubishana na uamuzi huo.

Jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka ni kwamba Kizulu katika filamu hii hakikuwekwa kama pambo. Lebo M, aliyewahi kufanya kazi na Zimmer katika filamu nyingine ya mwaka 1992, hakuitwa kuja kusoma maneno yaliyoandikwa na mtu mwingine. Alitunga miito, akapanga sauti za kwaya na kuiongoza. Ndiyo maana Simba anapoupanda mwamba mwishoni, mvua ikinyesha, kwaya inaimba "busa", yaani tawala, neno linalosema hasa kinachotokea machoni petu. Katika tuzo za Grammy, Lebo M alitambuliwa pamoja na Zimmer kwa upangaji wa wimbo wa ufunguzi, ingawa Oscar ilikwenda kwa Zimmer peke yake.

Niliwahi kuitazama filamu hii sebuleni na binti wa dada yangu, ambaye hajui hata neno moja la Kizulu. Baada ya mwito ule wa kwanza aliniuliza, "Mjomba, mbona anamwita baba?" Nilimrudishia mwanzo tena, na safari hii akadai kuwa amesikia na nyama. Hakuwa ameelewa sentensi, lakini sikio lake lilikuwa limeshika neno ambalo Kizulu na Kiswahili hulitamka sawasawa, na lile la pili, ingonyama, likamgusa kwa namna ambayo halimgusi mtoto wa Chicago. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba wimbo ule ni wa kigeni kabisa kwetu. Ni sauti ya ndugu wa mbali, na ndugu wa mbali huwa tunamwelewa nusunusu.

Sasa tukitazame Kiswahili katika muziki wa filamu hizo hizo. Maneno "hakuna matata" ni sahihi kisarufi, lakini mtu wa Dar es Salaam akitaka kumtuliza mwenzake atasema hamna shida au hakuna shida. Kifungu hicho kilikuwa kimeshasambazwa katika hoteli za kitalii na wimbo wa kundi la Them Mushrooms la Kenya wa mwaka 1982, na ndicho kilichochukuliwa kikafanywa kiitikio cha nguruwe Pumbaa na nguchiro Timon. Baadaye kampuni ya Disney, iliyozitengeneza filamu hizo, ilikisajili Marekani kama alama ya biashara ya mavazi, jambo lililozusha malalamiko makubwa mwaka 2018. Katika filamu ya pili, ya mwaka 1998, Rafiki anaimba wimbo mzima kuhusu mahali paitwapo "Upendi", akieleza kuwa maana yake ni upendo. Hakuna neno kama hilo. Kwa masikio ya Mswahili linakaribia mno "hupendi", yaani kinyume cha yale yanayoimbwa, na hali yoyote ya mapenzi ambayo wimbo ulikuwa umeijenga inavunjika papo hapo.

Makosa ya namna hiyo yangerekebishwa na Mswahili yeyote kwa sekunde moja, kama angekuwepo chumbani wakati wa kurekodi. Hapo ndipo ninapoona kiini cha mabishano haya. Kizulu kilikuwa na mwenyewe, amesimama mbele ya maikrofoni, akijua neno gani linafaa na lipi halifai. Kiswahili kilichukuliwa majina na misemo bila mwenyewe kuketishwa mezani. Kwa hiyo shabiki anayedai kwamba Kizulu kiondolewe ili Kiswahili kiingie anaielekeza lawama kwa jirani aliyefanya kazi yake vizuri.

Dai hilo lina udhaifu mwingine ambao ni haki tuukiri. Mandhari yale si ya Waswahili pia. Hell's Gate ni nchi ya Wamaasai, ambao uimbaji wao una kiongozi, olaranyani, anayetupa mstari na wenzake wakaujibu kwa mvumo wa makoo, bila ngoma. Kama hoja ni kwamba ardhi iimbiwe kwa sauti ya wenyeji wake, basi sauti hiyo ndiyo yenye haki ya kwanza, na taarabu yetu, pamoja na udi, fidla na ganuni zake, ingekuwa mgeni pale kama ilivyo kwaya ya Soweto.

Malalamiko ya mwaka 2019, filamu ilipotengenezwa upya, nayaona kuwa na uzito zaidi. Simzungumzii Zimmer, aliyerudi pamoja na Lebo M na kuzihifadhi tungo zake za awali kwa uangalifu, wala wimbo wa Scar, ndugu mwovu wa Mufasa, uliofupishwa hadi ukawa karibu na maneno matupu, jambo lililowaudhi mashabiki wa kila nchi. Nazungumzia The Gift, albamu ambayo Beyoncé aliitayarisha kuambatana na filamu hiyo na kuieleza kuwa barua ya mapenzi kwa Afrika. Orodha ya wasanii ilipotoka, walikuwemo Wanijeria wengi, pamoja na wasanii kutoka Ghana, Kameruni na Afrika Kusini, lakini hakuwemo hata mmoja kutoka Afrika Mashariki. Wakenya walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuhoji. Watetezi walijibu kwamba msanii ana uhuru wa kuchagua wa kufanya naye kazi, na kwamba muziki wa Nijeria ndio uliokuwa ukivuma duniani wakati huo. Yote mawili ni kweli. Hata hivyo, mtu anayeiandikia Afrika barua kwa jina la filamu iliyojaa Kiswahili, kisha asimtafute hata Mswahili mmoja wa kuimba naye, amerudia kosa la "Upendi" kwa gharama kubwa zaidi.

Pamoja na hayo, kuwepo chumbani hakutoshi. Wimbo unaoimbwa kidogo na Timon na Pumbaa katika filamu ya 1994 unatokana na "Mbube", uliorekodiwa Johannesburg mwaka 1939 na Mzulu Solomon Linda kwa sauti yake mwenyewe. Linda alikufa maskini mwaka 1962, wakati tungo yake ilikuwa imeshazunguka dunia kwa maneno yaliyosikiwa vibaya, "uyimbube" likiwa limegeuzwa "wimoweh". Warithi wake walilazimika kwenda mahakamani, na mapatano yalipatikana mwaka 2006. Kwa hiyo shabiki wa Mombasa au Mwanza anapodai nafasi katika muziki wa filamu kama hizi, adai mambo mawili kwa pamoja: msanii wetu akae studio wakati maneno yanapochaguliwa, na jina lake liandikwe katika mkataba kabla wimbo haujatoka.