Bei ya Robin: damu ya The Boys na hoja ya wanaoitetea

Kijana na msichana wamesimama ukingoni mwa njia, New York, wameshikana mikono, wanazungumza habari ya kuhamia nyumba moja. Msichana anapiga hatua moja tu kushuka barabarani. Kufumba na kufumbua hayupo. Hewani pana ukungu mwekundu, na kijana amebaki ameshika mikono miwili isiyo na mwenyewe. Aliyepita hapo ni A-Train, shujaa mwenye mbio kuliko watu wote duniani, kipenzi cha watoto. Anasema hawezi kusimama, kisha anakwenda zake.

Ndivyo ilivyofunguka The Boys, tamthilia ya Kimarekani ya mashujaa wenye nguvu za ajabu, mwezi wa Julai 2019, na tangu siku hiyo watazamaji wake hawajapatana. Wako waliozima palepale. Wako walioifuata msimu kwa msimu, hata Eric Kripke aliyeiandaa alipotangaza 2024 kwamba wa tano ndio wa mwisho, wakahuzunika kama wanaofiwa.

Kwetu Unguja ugomvi huu uliingia kwa flashi. Vijana hutiliwa sizoni nzima kwenye maktaba za muvi, wakaitazama kwenye simu barazani baada ya isha, vichwa vitatu juu ya kioo kimoja. Mzee mmoja wa baraza letu, mtu mpole anayesomesha chuoni, aliiazima simu ya mjukuu wake kwa dakika kumi, kisha akairudisha. "Hii si sinema," alisema, "hili ni bucha." Mjukuu alinyamaza kwa adabu. Baadaye alinifuata nyumbani: "Mjomba, babu kaona damu tu. Hakuona imemwagwa kwa nini."

Naandika kwa ajili ya kijana yule, ingawa babu yake nampa haki yake kwanza. Tamthilia hii ina uchi, ina matusi ambayo hayatafsiriki mbele ya mama yako, na imewekewa umri wa miaka 18 kwa sababu. Haifai sebuleni. Tena iko hatari nyengine ambayo wazazi wengi hawaijui: Invincible, iliyotoka 2021 kutokana na vitabu vya picha vya Robert Kirkman, ni katuni, na humo miili inapasuka vilevile. Mzazi akiona katuni humwachia mtoto simu akaenda jikoni. Hapo mzee wetu anasema kweli tupu, na sina la kubishana naye.

Lakini anaposema ni damu kwa ajili ya damu, naona hakukaa akaitazama karatasi.

Karatasi ninayoisema inakuja muda mfupi baada ya kifo cha yule msichana, Robin. Vought, kampuni inayowamiliki mashujaa wale kama mtu anavyomiliki timu ya mpira, inampelekea mchumba wake, Hughie, hati ya kutia saini. Ndani yake mna dola 45,000. Tukikisia dola moja kwa shilingi 2,500, hizo ni milioni 112 na nusu. Sharti lake ni moja: asiseme kitu kwa mtu yeyote.

Nambari hii imenikaa kichwani muda mrefu kuliko damu yenyewe. Si pesa ya kudharau. Hughie ni mfanyakazi wa duka la vifaa vya umeme, anaishi na baba yake, na baba huyo anamshauri achukue kwa sababu hana ubavu wa kushindana na watu kama wale. Baba yeyote hapa kwetu angeweza kusema hivyo, kwa mapenzi. Kwa Vought, hata hivyo, si kitu. Na ukiisoma hati vizuri unaona kwamba walioandika hawakuthamini uhai wa Robin hata kwa senti moja. Walichokipima ni ulimi wa Hughie. Robin hana bei mle kwa sababu hayumo mle.

Sisi tuliopita chuoni tuna neno la kuipimia karatasi kama ile: dia. Tunajua kwamba aliyeua kwa kukosea analipa, na tumesoma habari ya ngamia mia. Lakini Suratun Nisaa, aya ya 92, haikuishia kwenye malipo. Dia inakwenda kwa jamaa wa marehemu, nao wana hiari ya kusamehe. Juu yake muuaji ana kafara, kuacha huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo, na aya yenyewe inaiita toba. Ina maana mtu amekiri. Amekaa na alilolifanya siku sitini, njaa yake ikimkumbusha. Tena kwa hesabu hiyo Hughie hastahiki hata shilingi: hakuwa mume, hakuwa mrithi. Wanaostahiki ni wazazi wa Robin. Vought walimwendea yeye kwa sababu yeye ndiye aliyeona.

Hebu fikiria ajali za njia zetu. Yuko dereva ambaye, mtoto wa watu akishazikwa, huja na wazee wake, akavua viatu, akakaa mkekani na kuinamisha kichwa, na wenyeji humtilia chai mikono ikiwatetemeka. Yuko mwengine anayepeleka bahasha kwa mkono wa mtu wa tatu. Kiasi kinaweza kuwa kilekile. Kila aliyewahi kukaa kwenye matanga ya namna hiyo anajua kwamba wa kwanza husamehewa, na wa pili jina lake halitajwi mtaani ila kwa kulaaniwa.

Sasa nauliza: karatasi ile ingekuwa na uzito gani kama kabla yake tusingeionja ile hewa nyekundu? Msichana angeanguka kistaarabu, nywele zimetandazika, muziki ukapigwa, na dola 45,000 zingeonekana jambo la ofisini. Ile mikono miwili ndiyo inayokufanya ushindwe kuipokea kalamu. Damu pale ni ushahidi, na kijana wa miaka ishirini aliliona hilo upesi kuliko sisi wazima.

Tukumbuke nasi tulilelewa na sinema gani. Kizazi cha mzee wetu kilijaa Majestic na Cine Afrique, filamu za Kihindi na za karate, stelingi anaangusha watu thelathini na shati halijatoka kwenye suruali. Hakuna aliyeuliza wale thelathini walizikwa wapi. Hollywood ya leo inafanya lilelile kwa pesa nyingi zaidi. Kiwango cha PG-13, onyo kwa wazazi wa watoto wa chini ya miaka 13, walichokianzisha Marekani 1984, kinastahamili jengo zima kuporomoka, ili mradi damu isionekane sana. Basi mji unabomolewa, stelingi anapangusa vumbi begani, na mtoto wako wa miaka kumi anatoka na funzo kwamba mji ukibomoka hafi mtu. Binafsi hilo linanitisha zaidi. Mtoto aliyeona mauti yasiyo na maiti atajifunza wapi kuyaogopa?

Kuna kipande cha ndege katika msimu wa kwanza ambacho kwetu visiwani hakiwezi kutazamwa kama kinavyotazamwa kwengine. Ndege imetekwa. Homelander, mkubwa wa mashujaa, avaaye bendera ya Marekani kama joho, anaingia na mwenzake Maeve kuiokoa. Kwa uzembe wake anaiunguza mitambo, na ndege inaanza kushuka. Maeve anamsihi wachukue hata wachache. Anakataa, kwa sababu watakaookoka watasema kwamba wengine waliachwa. Wanaondoka wawili peke yao, na abiria wanabaki wakiwaangalia. Kisha anasimama mbele ya kamera, penye mabaki ya ndege, akihutubia kwa uchungu.

Nilikitazama na kijana wa Wete ambaye nyumba yao ilipoteza watu kwenye Spice Islander, Septemba 2011, meli iliyopakia watu kupita uwezo wake ikazama njiani kwenda Pemba. Hakusema kitu. Alitoka nje, akarudi baada ya muda, akasema, "Wanaookoka ndio wanaosema." Sikumuuliza zaidi. Najua tu kwamba hakutazama kwa kiu ya damu, na mtu akiniambia sizoni hii inafisha moyo, sura yake ndiyo inayonijia.

Wala si kweli kwamba hadithi ya kinyama ni mgeni kwetu. Ya Sultani Majnuni ilisimuliwa hapahapa Unguja kabla mmishonari Mwingereza Edward Steere hajaichapa 1870. Paka wa sultani alianza na mifugo. Watu wakaenda kushitaki. Sultani akajibu kwamba paka ni wake na mifugo ni yake. Akala wanyama wakubwa, akala watu, na jibu halikubadilika, mpaka alipowala wana wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo baba alipokiri kwamba huyu si paka tena, ni nunda, mnyama mla watu. Bibi zetu walituhadithia haya tukiwa tumelala juu ya mkeka na hawakuificha ile midomo yenye damu, maana bila ya midomo ile jibu la sultani lingekuwa upole wa mtu mwenye mapenzi na paka wake.

Vought ni sultani yule. Walimlea Homelander maabara, wakawachoma watoto wachanga dawa waliyoiita Compound V kisha wakauambia umma kwamba nguvu zile zatoka kwa Mungu, na kila mtu akifa walikuwa na tamko tayari. Mwisho wa msimu wa kwanza Homelander anamuua kwa macho yake ya moto Madelyn Stillwell, bosi aliyekuwa akimfunika siku zote. Paka kaingia nyumbani. Huwezi kuisimulia habari hiyo kwa usafi na ukabaki mkweli.

Hoja yenye nguvu ya upande wa pili, kwangu, si ya mzee. Ni ya mwalimu mmoja wa skuli, mwanamama, aliyeniambia kwamba yeye haiangalii tamthilia, anawaangalia wanaoiangalia. Na alichokiona kwao ni kicheko. Msimu wa tatu, 2022, unamalizikia kwenye umati. Mtu mmoja anamrushia kopo mtoto wa Homelander, na baba anamlipua kichwa mbele ya kila mtu. Pakawa kimya. Kisha mmoja akashangilia, wakafuata wote, na mtoto naye akatabasamu. Mwandishi alikusudia tuogope. Lakini mwalimu yule anasema wanafunzi wake walishangilia pamoja na umati, na wako wanaoweka picha ya Homelander kwenye simu zao kama mtu wa kuigwa.

Siwezi kumwambia anaongopa, kwa sababu na mimi makofi hayo nimeyasikia barazani. Ninachoweza kumwambia ni kwamba kipande kile kiliyategemea makofi hayo. Kilimwonesha Homelander mwenyewe akishangaa, kwa sekunde chache, kuona kwamba hakuna lililobaki la kumzuia. Kijana aliyepiga makofi amejikuta ndani ya picha, na hapo mtu mzima akiwa karibu ana pa kuanzia mazungumzo. Kama hayupo, basi mwalimu kashinda, na hilo nalikubali bila ya kinyongo. Sinema haiwezi kufanya kazi ya mjomba.

Misimu ya mwisho siitetei kwa nguvu hizo. Wa nne, wa 2024, wahakiki waliusifu na watazamaji wengi wakaulaumu. Sehemu ya lawama hizo ni siasa za Wamarekani wenyewe, na hizo nawaachia. Lakini sehemu nyengine ni ya haki. Homelander na Butcher, kiongozi wa kundi la Hughie linalowapiga vita mashujaa, wanakutana, wanatishiana, wanaachana, na miili inapasuka katikati ili tusisinzie. Robin alipokufa tulizijua ndoto zake, angalau moja. Wengi wanaokufa katika msimu wa nne hatukupewa hata jina. Hilo ndilo bucha alilolisema mzee, na inaniuma kwamba walioanza kwa kumhesabu maiti mmoja walimaliza kwa kutupa hesabu.

Hata hivyo kuna uzi mmoja ambao hawakuuacha. Katika mwanzo kabisa, muda si mrefu baada ya kifo kile, A-Train anasikika akicheka na rafiki yake, akisema alipita kasi hata akameza gego la yule msichana. Kisha Hughie anaweka sharti kwamba atachukua pesa akiombwa radhi uso kwa uso, na anaombwa, maneno makavu ya kufundishwa. Radhi ya kweli inakuja msimu wa tatu, na kwetu sisi watazamaji ilikuwa imepita miaka mitatu. A-Train, akiwa amevunjika kwa mengine yaliyompata, anakubali kwamba alimuua Robin, na anasema anajuta. Hughie anamjibu kwamba haitoshi.

Yule mjukuu wa mzee aliisimamisha simu hapo. Tulikuwa wawili tu, wenziwe walishaondoka.

"Mjomba, sasa keshakiri. Dia apewe nani?"

"Wazazi wake Robin."

"Na Hughie?"

Nikamwambia Hughie hakuwa akidai pesa tangu siku ya kwanza. Akafikiri, kisha akairudisha picha nyuma kidogo, pale A-Train anapofungua mdomo, akaisikiliza tena.