Kulala Gede, Kuogelea Watamu

Mgeni wa pwani ya kaskazini ya Kenya hupewa ushauri uleule: lala hoteli ya ufuoni Watamu, kijiji cha Gede kipitie saa mbili uone magofu ya mji wa kale wa Waswahili. Naona mpango huo ungefaa upinduliwe.

Tazama Gede ilipo. Magofu, yaliyoingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, unayafikia kwa miguu kutoka barabara ya Mombasa–Malindi. Ng'ambo ya barabara kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zipatazo 420. Hori ya Mida na mikoko yake haiko mbali, na baharini ni kama kilomita sita kwa tuktuk. Aliyelala kijijini huwahi msitu alfajiri, ndege wangali wanalia na njule, wanyama wadogo wenye pua ndefu, hawajajificha. Jua likichoma, anateremka kuogelea.

Wanaotetea ufuo wana hoja zao. Upepo wa bahari hupungua ukiingia bara, usiku wa Machi ni joto kweli, na mbu wapo. Hoteli moja pia huajiri vijana wengi kwa mara moja, jambo lisilowezekana kwa nyumba ya vyumba viwili. Familia yenye watoto wanaotaka maji tu, na ilale Watamu.

Lakini ajira hiyo ina Mei yake. Masika yakishika, hoteli nyingi hufunga, na kijana wa jikoni anarudi kwao, pengine Gede hapahapa, kungoja Julai bila mshahara. Pesa ya mgeni wa kijijini hupita kwingine: mahamri na mbaazi za asubuhi, samaki wa mchuuzi, tuktuk, kiongozi wa msituni. Mwenye nyumba bado ana mihogo na minazi yake. Wageni wakikosekana ataumia, ila hatafukuzwa kazi.

Kisha kuna msitu wenyewe, na hapa ndipo mawazo yangu hurudi kila mara. Mkulima ambaye ndovu wamemlia mahindi, na ambaye hawezi kuingia kukata mti apendavyo, aupendee nini msitu huo? Mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ulimpa sababu: analea viwavi wa vipepeo vya msituni, vikishajifunga anauza vifuko vyao, navyo husafirishwa nje kwa ndege kabla vipepeo havijatoka. Kule Mida, kiingilio cha daraja la kamba juu ya mikoko husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wanaotoka kando ya msitu. Mgeni anayelala kwa mkulima huyo anaongeza sababu nyingine, na malipo yake yanaingia mkononi mwa mama mwenye nyumba asubuhi ileile.

Hofu yangu iko kwenye ardhi. Wakazi wengi wa pwani hii hawana hatimiliki, na viwanja vya ufuoni vilikwisha kwenda kwa wenye fedha kutoka mbali. Gede ikipata jina, viwanja vya kando ya barabara vitafuatwa pia. Hati zitolewe kwanza, kabla vitanda havijaongezwa.