Kemikali za kwenye plastiki: tunatishwa bure au tunachukulia poa?

Ukigusa hii mada watu wanagawanyika mara moja. Kuna wale wanaosema plastiki yote ni sumu, tupa kila kitu hamia kwenye glasi na chuma, halafu kuna wale wanaocheka tu, eti tumekulia kwenye plastiki na mbona tupo hai. Mimi naona hawa wote wanajibu swali ambalo si lenyewe. Swali la maana ni nani anajua ndani ya kile kitu mna nini, na kwa nini inatakiwa mnunuzi ndo athibitishe kwamba kinadhuru badala ya muuzaji kuthibitisha kwamba hakidhuru.

Tuanze na jinsi inavyotokea maana hapa wengi wanapita haraka. Plastiki haiji ikiwa imekamilika, ile malighafi yenyewe mara nyingi ni ngumu, inakatika, inapauka juani, inashika moto kirahisi. Kwa hiyo kiwandani wanaongeza vitu: vya kulainisha, vya kuzuia moto, vya kukinga mionzi ya jua, rangi, na vingine vingi. Na vingi kati ya hivi havijaungana kikemia na plastiki, vimekaa katikati tu ya ile minyororo mirefu ya molekuli, hakuna kilichovishika kwa nguvu. Chukua PVC, aina ya plastiki, ile laini inayopinda, inaweza kuwa na thaleti (kemikali ya kulainisha) hadi asilimia 30 au 40 ya uzito wake! Sasa kitu kingi hivyo ambacho hakijafungwa popote lazima kitatoka tu, na joto linaharakisha, mafuta yanakivuta, muda unaongeza. Kwa hiyo kwamba kemikali zinatoka kwenye plastiki si tetesi, hata wenye viwanda hawabishi hilo.

Ugomvi unaanza kwenye "kwa hiyo nini". Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, kwenye ripoti yake ya 2023 lilisema kemikali zinazohusiana na plastiki ni zaidi ya 13,000, na kama 3,200 kati yake zina sifa za kutia wasiwasi. Namba kubwa, na ndo inayosambazwa sana. Lakini upande wa pili nao wana hoja: kemikali kuwepo si sawa na kemikali kudhuru, dozi ndo inaamua. Mfano antimoni, elementi inayotumika kutengeneza plastiki ya PET, zile chupa za maji. Ndiyo inatoka na kuingia kwenye maji, na chupa ikikaa kwenye joto kali inatoka zaidi, ila kwenye joto la kawaida kinachopatikana mara nyingi hakifiki mikrogramu 1 kwa lita wakati kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani, WHO, kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 20. Mtu akikutisha na chupa ya maji iliyokaa kabatini anakuonea tu.

Ila hoja ya dozi ina shida yake na hapa ndo patamu. Inasimama vizuri ukiwa unajua dozi salama ni ipi, na mnaojua mkakubaliana. Angalia BPA, kemikali inayotumika kutengeneza plastiki ngumu inayoitwa polikaboneti. (Kitaalamu BPA kwenye polikaboneti ni malighafi yenyewe, si kitu cha kuongezea, lakini inatoka vilevile.) Ilitengenezwa mara ya kwanza 1891, na miaka ya 1930 Mwingereza Edward Charles Dodds alishaonyesha kwamba inafanya kazi mwilini kama homoni ya kike, estrojeni. Yaani hili lilijulikana KABLA haijaingia kwenye plastiki ngumu za polikaboneti na ule utando wa ndani ya makopo ya chakula, mambo ambayo yalishika kasi kuanzia miaka ya 1950. Baadaye Wamarekani walipopima mikojo ya watu wao wa 2003 na 2004, wenye umri kuanzia miaka 6, waliikuta kwa asilimia 93. Watetezi wakasema sawa lakini mwili unaitoa ndani ya saa chache, haijikusanyi. Ni kweli kabisa. Ila kama unaitoa asubuhi na unaila tena mchana na jioni, huo mwili ni lini hauna BPA?

Sasa 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ikashusha kiwango cha BPA ambacho mtu anaweza kula kila siku maisha yake yote bila shida, kutoka mikrogramu 4 kwa kila kilo ya mwili hadi nanogramu 0.2. Hiyo ni mara 20,000 chini. Kwa kiwango hicho kipya karibu kila mtu Ulaya alikuwa anazidisha. Halafu taasisi ya Ujerumani ya tathmini ya hatari, BfR, ikakataa, yenyewe ikasema nanogramu 200, na wakala wa dawa wa Ulaya nao haukuafiki hesabu ya EFSA. Data ni zilezile, taasisi zote ni za umma si za kiwanda, na wameachana mara elfu moja!

Kwa nini? EFSA waliegemea ongezeko la aina fulani ya seli za kinga kwenye panya, zinaitwa Th17, wakasema hizo zikipanda zinaweza kuleta uvimbe na matatizo ya mwili kujishambulia. BfR wakasema seli kupanda si ugonjwa, tuonyesheni ugonjwa. Ukifikiria vizuri huu si ubishi wa maabara tena, ni ubishi wa unataka uhakika kiasi gani kabla hujachukua hatua, na hilo darubini haiwezi kukuamulia. Umoja wa Ulaya wenyewe uliamua, mwanzoni mwa 2025 sheria ya kupiga marufuku BPA kwenye vitu vinavyogusa chakula ikaanza, na muda wa mpito. Marekani wao, kupitia FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, kwa miaka mingi wameshikilia kwamba kwa viwango vya sasa iko salama, ingawa chupa za watoto walishaitoa 2012.

Mimi hapo nipo na Ulaya, si kwa sababu nimeamini ile 0.2 bali kwa sababu kutokukubaliana kukubwa hivyo ni taarifa tosha. Lakini marufuku ya kemikali moja moja nayo ni mchezo wa paka na panya. BPA iliposemwa vibaya viwanda vikahamia BPS na BPF, ndugu zake wa karibu kimuundo, wakabandika "haina BPA" na watu wakalipa zaidi kwa amani ya moyo. Tafiti za maabara zikaja kuonyesha na hao nao wanachezea homoni. Kwa hiyo ile lebo haikudanganya, ila haikukuambia kitu ulichotaka kujua.

Na wanaosema piga marufuku yote kesho asubuhi, nao wana mahali wanakwama. Mifuko ya damu hospitali ni PVC yenye DEHP, thaleti ileile inayohusishwa na kuvuruga homoni za kiume, na ambayo Ulaya imebana kwenye vitu vingi isizidi asilimia 0.1. Inavuja na kuingia kwenye damu, hilo liko wazi. Lakini kumbe ikivuja inaimarisha ukuta wa seli nyekundu, na ndo mojawapo ya sababu damu inaweza kuhifadhiwa wiki kadhaa. Ukiitoa bila mbadala mzuri unapunguza damu iliyopo. Wakati huohuo kichanga njiti aliyefungwa mirija kila upande anapokea DEHP nyingi kwa uzito wake kuliko karibu mtu mwingine yeyote. Hapo hakuna jibu rahisi, na Ulaya wenyewe wameviongezea vifaa tiba muda hadi 2030. Ila tusitumie mfuko wa damu kutetea pazia la bafuni la PVC, hoja hiyo naiona sana na ni ujanja.

Kwenye mazingira nadhani ushahidi unabana zaidi, maana samaki hawezi kuchagua chombo. Kwa miaka mingi samaki aina ya coho, ni salmoni, walikuwa wanakufa kwenye vijito vya mjini eneo la Seattle kila mvua kubwa ikinyesha, na sababu haijulikani. Mwaka 2020 watafiti wakaipata: 6PPD, kemikali inayowekwa kwenye matairi ili ozoni, gesi iliyopo hewani, isiyapasue, ikikutana na hiyo ozoni inageuka kitu kingine kinachoua coho kwa kiasi kidogo mno. Tairi si plastiki kwa maana ya mtaani, lakini stori ni ileile, na kibaya ni kwamba muuaji hakuwemo kwenye orodha ya kiwanda, alizaliwa barabarani. Upimaji wa kabla ya kuuza usingemkamata kirahisi.

Halafu kuna upande wa kutisha watu kwa hesabu mbovu, tusiwafiche hawa. 2024 ulitoka utafiti wa vyombo vyeusi vya plastiki, vijiko vya kupikia na kadhalika, kwamba vina vizuia moto na mtu anakaribia kikomo cha siku: nanogramu 34,700 dhidi ya 42,000. Dunia nzima ikaanza kutupa vijiko. Kumbe kikomo ni nanogramu 7,000 kwa kila kilo ya mwili, mara mtu wa kilo 60, jibu 420,000, walikosea sifuri moja. Wakasahihisha, wakasema hitimisho lao halibadiliki, na hapo watu wakawacheka vizuri tu. Wacheke, lakini wasiache kuuliza kizuia moto kinafanya nini kwenye kijiko. Ni mabaki ya maganda ya TV na kompyuta za zamani, yamesagwa na kuchakatwa upya yakawa vyombo vya jikoni, na kemikali yenyewe, deka-BDE, iliwekwa kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa ya mkataba wa kimataifa wa Stockholm tangu 2017.

Na hapo ndo lile swali la mwanzo, nani anajua ndani mna nini, linapouma zaidi. Anayechakata plastiki hawezi kutenganisha asichoambiwa kimo. Mazungumzo ya mkataba wa dunia wa plastiki, yaliyoanzishwa kwa azimio la Nairobi la Machi 2022, yalivunjika Geneva Agosti 2025 bila makubaliano, na kudhibiti kemikali ni moja ya vitu walivyogomea, nchi zenye mafuta zikitaka iongelewe taka tu. Kwa sasa mwenye jiko anachoweza ni kutopashia chakula chenye mafuta kwenye plastiki, hasa iliyochakaa na kuchubuka, hiyo inapunguza kweli. Mwenye kiwanda cha kuchakata hana hata hilo la kufanya, anapokea tani za mchanganyiko usio na jina na anauza mchanganyiko usio na jina.