Nionyesheni dawa imefika wapi

Ng'ombe wawili wa mama mkubwa waliishia mnadani Msalato, na pesa yao ikaishia kwenye nauli na malazi ya Dar. Alikuwa akienda kutundikiwa dripu nyekundu ya saratani, dawa iitwayo doksorubisini. Ni nyekundu kweli, hadi mkojo hugeuka rangi. Siku ya kwanza alipiga yowe chooni tukadhani ameanguka. Mizunguko minne ilipita kabla hajaambiwa kwamba uvimbe haujanywea hata kidogo. Minne!

Ndiyo maana nikisoma habari za chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zinazobeba dawa ya saratani, mimi natafuta habari ya picha kwanza, ya kuonyesha dawa imefika wapi, tiba baadaye.

Kubeba kwenyewe si jambo jipya. Doksorubisini iliyofungwa ndani ya viputo vya mafuta, vyenye upana wa nanomita 100 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), iliidhinishwa Marekani mwaka 1995, na moyo wa mgonjwa, ambao dawa hii huudhuru, ukapata nafuu. Sasa watafiti wanataka kifurushi hichohicho kibebe na kitu kinachoonekana kwenye kipimo, mfano oksidi ya chuma (ndugu wa kutu ya jembe lako), ambayo MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, huiona. Dawa ikiingia mwilini, daktari anaifuatilia.

Na inafika? Kwa shida. Mapitio ya mwaka 2016 ya tafiti za miaka kumi, nyingi za panya, yalikuta kwamba kwa kawaida asilimia 0.7 tu ya dozi ndiyo iliyofika kwenye uvimbe. Ini na wengu hunasa sehemu kubwa. Wapo wanaoona takwimu hiyo imeua wazo lote. Mimi naona ndiyo sababu ya kuitaka picha: uvimbe wa huyu una mishipa ya damu inayovuja na kupitisha chembe, wa yule hauna, na bila kuangalia utawatundikia wote dripu ileile. Kufika si kuponya, najua. Lakini isiyofika haiponyi kabisa.

Rafiki yangu mmoja ananicheka: nano gani, na wagonjwa wetu wanafika hospitali wamechelewa? Ana hoja. Chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya shingo ya kizazi, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018, itaokoa wasichana wengi kuliko chembe yoyote. Ila mama mkubwa hakuwa msichana, wala saratani yake haikuwa ya shingo ya kizazi.

Mzunguko wa tano alibadilishiwa dawa. Ng'ombe wa tatu bado yupo zizini.