Nimeacha Kumlaza Mapema, Sasa Analala

Mwanangu ana miaka mitano na ana usonji (autism). Karibu mwaka mzima, hapa Nkuhungu, Dodoma, tulimlaza saa mbili usiku naye akasinzia saa tano na nusu. Katikati ni vita: anawasha taa, anazima, anawasha, huku akirudia mstari uleule wa tangazo la redio. Nikienda kumrudisha kitandani anacheka, maana mama kaja.

Mama mkwe akanishauri, "Mwanangu, si umpe ile dawa ya mafua inayoleta usingizi?" Nikakataa. Jirani naye, "Mwache alie, atachoka." Nyumba ya kupanga, tunagawana ukuta. Nilipomwacha alie usiku mmoja, wa kwanza kugonga mlango alikuwa yeye.

Mwongozo wa mwaka 2020 wa chama cha madaktari wa neva cha Marekani unataka kwanza zitafutwe sababu za kiafya, kisha zifuate mbinu za tabia, na melatonini, homoni ya usingizi inayotolewa kama dawa, baadaye. Kwetu ilikuwa choo kigumu. Kilipotibiwa alipungua kushtuka usiku, lakini saa tano na nusu ikabaki palepale.

Basi kwa wiki mbili nikaandika kwenye daftari saa anayolala kweli, si ninayotaka mimi. Halafu nikaanza kumpeleka kitandani saa hiyohiyo, tano na nusu. Kabla ya hapo taa hafifu, simu imefichwa, na kipande cha boksi chenye picha tatu: beseni, mswaki, kitanda. Asubuhi anaamshwa saa kumi na mbili hata kama kalala vibaya, na mchana halali. Akisinzia upesi siku kadhaa mfululizo, narudisha saa ya kulala nyuma, mapema zaidi kwa dakika 15.

Mama mkwe aliona nimechanganyikiwa, mtoto kukeshwa makusudi! Lakini kitanda kilishakuwa uwanja wa mapambano, na mwili usio na usingizi haulazimishwi. Tukiri pia kwamba ile saa mbili ilikuwa yetu wakubwa, tuliotaka kupumzika.

Si kwamba kila usiku ni mwema. Mwezi wa nane upepo wa Dodoma ukigonga bati, anakaa kitako na kuziba masikio; nahesabu naye mapigo mpaka alale. Kwa kurudisha kidogo kidogo tulifika kumlaza saa tatu na robo. Juzi tukaenda msibani Kongwa, bibi yake akamlaza mchana kwa huruma, na sasa tuko saa nne na nusu.

Daftari nimelirudisha chini ya mto.